Kwaya walinipumzisha, sare wakaniletea nishone

Nianze na hii ya sare maana kila nikiisimulia watu wanadhani natania. Mwaka ule ndoa yangu ilipovunjika rasmi, namaanisha hukumu imeshatoka, nakala imegongwa muhuri na mi nimeikunja nimeiweka kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, Jumapili moja mwenyekiti wa kwaya akanivuta pembeni baada ya ibada, kule nyuma kwenye matanki ya maji, akaniambia dada, tumekaa sisi viongozi tukaona upumzike kidogo. Nikamwambia mbona mi sijachoka. Akacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea, akasema ah dada nawe, si unaelewa, mambo yatulie kwanza. Sikubisha. Baada ya wiki 2 huyohuyo akaja dukani kwangu na bodaboda imebeba kitambaa, mita 90, sare 30 za Pasaka, akasema hakuna fundi mwingine mwenye vipimo vya wanakwaya wote.

Na nilizishona jamani. Ada za watoto zilikuwa zinanisubiri, hela haina kinyongo. Pasaka ile nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango, naangalia mishono yangu inaimba Bwana amefufuka, na kuna dada mmoja wa sauti ya pili zipu yake nilijua kabisa haifiki mwisho wa ibada, alikuwa ameongezeka na hakutaka kupimwa upya.

Kanisa silitaji, dhehebu silitaji, mji ndo kabisa. Mchungaji wa wakati ule alishahama na wazee wawili kati ya wale wanne waliotusuluhisha wameshatangulia mbele za haki, sina sababu ya kuwasema. Ila kuna kitu kimenikaa rohoni miaka yote hii na nikiona wadada na makaka wanaopita njia niliyopita mi kinarudi upya. Makanisa yetu yanajua sana kufungisha ndoa. Yanajua pia kusuluhisha, tena kwa juhudi kweli, vikao mpaka usiku. Lakini suluhu ikishindikana, yule mtu aliyekuwa anasuluhishwa hatujui tumweke wapi. Hakuna kiti chake.

Fikiria tu harusi. Mafundisho ya ndoa wiki kadhaa, ndoa inatangazwa kanisani Jumapili 3, kamati, kadi za michango, kicheni pati, sendofu, mama wachungaji wanatoa mawaidha mpaka unasinzia. Au fikiria msiba, hata hujamaliza kulia turubai limeshafungwa, jumuiya wameleta mchele na mkaa, wamama wamejipanga zamu ya jikoni, watu wanalala chini siku 3 usibaki peke yako. Siku hukumu yangu ilipotoka nilirudi na daladala, nikapitia sokoni, nikapika ugali na dagaa, watoto wakala, nikaosha vyombo. Wiki hiyohiyo nyumba ya tatu kutoka kwangu walikuwa wamefiwa na babu yao, viti vilifika mpaka barabarani. Usiku nimelala nasikia mapambio yao, nikajikuta nawaonea wivu wafiwa, Mungu anisamehe.

Kuna jambo watu wengi hawalijui mpaka likiwafika. Kanisa linaweza kuwemo ndani ya talaka yako kisheria kabisa. Sheria yetu ya Ndoa hapa Tanzania, ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inasema huwezi kwenda kufungua shauri la talaka mahakamani moja kwa moja, lazima kwanza mpite kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza likishindwa ndo linatoa hati ya kusema limeshindwa, wenyewe wanaiita fomu namba 3. Kuna watu wanaruhusiwa kuruka hatua hiyo, mfano mwenzako kakutelekeza na hujui hata aliko, lakini kwa kawaida unapita. Na baraza lenyewe linaweza kuwa la kata, au la dini yenu kama limetambuliwa na waziri. La kwetu lilikuwa la kanisa. Ile hati nayo haikai milele, ukifungua shauri lazima iwe haijapita miezi 6 tangu itolewe, ikipita unarudi kuanza upya. Niliyajua haya kwa karani wa mahakama ya mwanzo, siyo kwa mchungaji.

Sasa ona. Wale wazee wanne walikaa na sisi vikao 3, wakaandika kwa mkono wao kwamba wameshindwa kutupatanisha, wakasaini, wakagonga muhuri wa kanisa wenye msalaba katikati. Halafu Jumapili iliyofuata wakapita mbele ya benchi langu kama watu ambao habari hizi wanazisikia kwa majirani. Walewale! Na kwenye kikao cha viongozi kilichoamua nipumzike kwaya mmoja wao alikuwepo. Mi sielewi mpaka leo, kama ulithibitisha mwenyewe kwamba nyumba imeungua, unamuulizaje mwenye nyumba kwa nini amelala nje?

Vile vikao navyo nivisemee kidogo. Cha kwanza mume aliulizwa kama anakunywa, akasema kidogo, wakasonga mbele. Mi niliulizwa kama napika mwenyewe au anapika dada wa kazi, kama namnyima unyumba, kama naomba, kama simu yangu ina neno la siri, hayo yote mbele ya wanaume wanne ambao mmoja wao nilimshonea suti ya harusi ya mwanae. Kikasomwa Mithali 14:1, ile ya mwanamke mpumbavu kuibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Sijui kwa nini hakuna mstari unaosomwaga kwa mwanaume kwenye hivi vikao, na mistari ipo.

Kikao cha pili nikajitia ujasiri nikasema ananipiga. Sikusema kila siku, nikasema ilivyo, mara ngapi na lini, nikaonyesha na mkono. Wakamkemea, kweli walimkemea, akaomba msamaha mpaka akapiga magoti, mchungaji akatushikanisha mikono tukaombewa, wakafurahi sana, mmoja akatoa machozi. Nilichosema kile nilikilipia usiku uleule. Kikao cha tatu nilikuja na kitenge nimejitanda mpaka kwenye shavu, na sikuongea kitu.

Baadaye sana ndo nikaja kuambiwa na mshauri nasaha wa hospitali kwamba kwenye nyumba yenye kipigo huwakalishi wawili pamoja ukawaambia haya semeni, unaongea na kila mtu peke yake kwanza, unauliza kuhusu usalama kabla hujauliza kuhusu msamaha, kwa sababu mwenye hofu atafanya moja kati ya mawili, atanyamaza au atasema halafu akaadhibiwe nyumbani. Ni jambo dogo hivyo. Halihitaji bajeti wala semina ya hotelini, ni kupanga tu nani anaingia ofisini saa ngapi. Wazee wale hawakuwa na roho mbaya, naapa, hawakufundishwa tu. Walipewa muhuri kabla ya kupewa maarifa.

Nina shoga yangu Mkatoliki, tulikutana kwenye foleni ya mahakama, tukawa kama mtu na dada yake. Huyu mume wake ndo aliyeondoka, akaenda kuanza maisha mkoa mwingine na mwanamke mwingine, yeye akabaki na watoto na hakuwahi kuishi na mwanaume tena. Basi miaka 7 hakupokea komunyo. Wenzake wanasimama wanakwenda mbele, yeye anabaki ameinama kama anatafuta kitu kwenye pochi. Nikamuuliza padri ndo alikukataza? Akasema hapana, mama mmoja wa jumuiya alimwambia walioachika hawakomuniki, naye akaona aibu kuuliza. Alipokuja paroko mpya kijana akajikaza akaenda ofisini, paroko akamsikiliza, akamuuliza tangu lini, alipotaja miaka akashika kichwa. Kumbe Kanisa lao halikuwahi kumfungia. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika tangu mwaka 1981, kwenye waraka wa Familiaris Consortio namba 83, kwamba mtu aliyeachika na hajaingia kwenye muungano mwingine hana kizuizi cha sakramenti, na Papa Fransisko naye mwaka 2016 akarudia kwamba watu hawa watiwe moyo waende kwenye Ekaristi wakapate nguvu. Piga hesabu, Jumapili 52 mara miaka 7, ni Jumapili 364 mtu anajinyima chakula ambacho hakunyimwa, kisa hakuna aliyetumwa kwenda kumwambia.

Na ndo huyohuyo paroko aliyemweleza kwamba hata sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1153, zinakubali mtu kutengana na mwenzi anayemhatarisha yeye au watoto, ndoa ikibaki ndoa lakini miguu ikiwa salama. Mi nikasema mbona hii hawaibandiki kwenye ubao wa matangazo?

Kwao wana pia ile ya mahakama ya kanisa kuchunguza kama ndoa ilikuwepo tangu mwanzo au ilikuwa batili, na watu wanaichanganyaga na talaka wakati siyo. Talaka inasema ndoa ilikuwepo ikavunjwa, ile inauliza siku mnasimama pale mbele kulikuwa na ndoa kweli, mfano mtu alilazimishwa au alificha jambo zito. Zamani hukumu moja haikutosha, ilibidi ithibitishwe na mahakama nyingine, watu wanazeeka wanasubiri. Fransisko aliliondoa hilo, ikaanza kutumika tarehe 8 Desemba 2015, hukumu moja ikitosha kama hakuna aliyekata rufaa, na akataka kadiri inavyowezekana watu wasitozwe. Shoga yangu hakuifuata, alisema mi ndoa yangu ilikuwepo bana, nilimpenda yule mtu, siwezi kusema haikuwepo. Nikamheshimu. Wale waliooa au kuolewa tena ndo mjadala wao mrefu, maaskofu wenyewe wamebishana sana, mi fundi cherehani sina la kuongeza hapo.

Sisi wa upande huu, tusio Wakatoliki, hatuna mahakama, tuna mchungaji na wazee, kwa hiyo inategemea umeangukia kwa nani. Kuna mahali wanakutenga, na ili urudishwe kundini unasimama mbele ya watu utubu. Mi niliambiwa hivyo mwaka wa pili, kwa upole kabisa, kwamba nikisimama tu mambo yanaisha. Nikauliza nitubu nini, kupigwa? Mzee akasema utubu kuvunja ndoa. Nikamwambia mzee wangu, mi ndoa nimeikuta imevunjika, nilichofanya ni kwenda kuandikisha. Sikusimama. Huenda nilikuwa na kiburi, huenda sikuwa nacho, kwenye talaka kila mtu ana makosa yake na ya kwangu nayajua, nina mdomo nikiudhika, na kuna hela ya mchezo wa kupeana niliwahi kumficha yule baba. Hayo nilishayatubu, tena kwa machozi, lakini siyo kwenye kipaza sauti.

Halafu ukishaona kanisani kwako hakueleweki unaanza kutangatanga. Nilienda kwa nabii, ndio nilienda, msinicheke. Palikuwa na bango kubwa, kurejeshewa ndoa ndani ya siku 21. Akaniangalia akasema una mume wa kiroho ndo anamfukuza wa mwilini, nikapewa chupa ya mafuta na maelekezo ya kupaka milangoni, elfu 50. Niliyapaka kweli. Kilichokuja mlangoni ni sisimizi, maana yale mafuta nadhani yalichanganywa na kitu cha sukari. Ila nikwambie, pale kwa nabii kulikuwa na wanawake zaidi ya 60 siku ile, wengi wamevaa vitenge vya makanisa mengine. Hawakufuata mafuta wale. Walifuata mtu wa kuwaambia neno moja kuhusu jambo ambalo kwao halitajwi.

Na linapotajwa ndo balaa. Nilimwambia dada mmoja wa maombi ombi langu la siri, kesho yake nakuta kwenye grupu la WhatsApp tumwombee mwenzetu anapitia jaribu la ndoa, na emoji za mikono. Watu 112. Hawakuandika jina, wakaandika fundi.

Watoto nao. Kijana wangu wa miaka 9 aliacha kwenda shule ya Jumapili, nikadhani utundu, kumbe waliambiwa wachore familia yangu, akachora mama, yeye na mdogo wake, mwalimu akamwambia hujamaliza. Sijawahi kumwambia yule mwalimu, ni binti mdogo na hakukusudia.

Aliyenishika mkono ni bibi mmoja, mzee wa kanisa pia lakini wa jumuiya nyingine, mjane, muuguzi mstaafu. Alifanya kazi KCMC kule Moshi, hospitali ambayo wachungaji huwa wanafundishwa kukaa na wagonjwa, na yeye alikuwa anasema alijifunza kwa kuwaangalia wale wanafunzi wakikosea. Anasema mchungaji mwanafunzi akifika kitandani cha kwanza anafungua Biblia, mwalimu wake anamwambia ifunge, vuta kiti kwanza. Basi na yeye alikuja na kiti chake, namaanisha alikuja Alhamisi moja saa 4 asubuhi na mfuko wa ndizi, akakaa kwenye fomu la wateja, akachukua mkasi mdogo akaanza kukata nyuzi kwenye nguo zilizokwisha. Hakuniuliza kitu. Saa 6 akaondoka. Alhamisi nyingine akaja tena. Mi nilianza kuongea Alhamisi ya tatu, tena nilianza kwa kulalamikia bei ya uzi.

Nikisema ushauri wa kichungaji mi picha inayonijia ni ile, mikono ina kazi, macho yako kwenye nguo, mtu anaweza kusema jambo zito bila kuangaliwa usoni. Alikuwa na maswali ya ajabu. Unalala saa ngapi? Jana ulikula nini? Ada imelipwa? Nani anachukua watoto siku ya kesi? Nilipomwambia yule baba anasema nyumba ni yake kwa sababu mi sikuwa na mshahara akauma mdomo, kesho yake akanipeleka kwa mkwewe ambaye ni wakili, ndo nikaijua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Wakili akaniambia ukweli wote, kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa kwa sababu zake nyingine, hela aliyokuwa anapewa na mumewe afanyie biashara waliona aliitapanya, lakini mlango alioufungua tunapita wengine mpaka leo. Mi nilipita. Siyo nyumba nzima, lakini nilipita. Huwa namfikiria sana yule mama.

Biblia ilikuja kufunguliwa kama Alhamisi ya sita, na niliiomba mimi. Nikamwambia bibi, Malaki 2:16 inanisumbua, Mungu anasema anachukia kuachana, wananisomea hiyo kila mahali. Akavaa miwani, akaisoma, hakusimama pale wanaposimamaga watu, akaendelea, ndo nikasikia kwa mara ya kwanza maneno yanayofuata, kwamba anamchukia na yule aifunikizaye nguo yake udhalimu. Mstari uleule mmoja! Miaka yote nakatiwa katikati. Akasema wewe fundi, unajua nguo inaficha nini. Nilikumbuka kile kitenge cha kikao cha tatu, nililia mpaka mteja aliyekuja kuchukua sketi akarudi bila kubisha hodi.

Siku moja nikamwambia bibi naona bora ningelala nisiamke. Niliisema kawaida tu, nikiwa napiga pasi. Hakunikemea, hakusema shetani ashindwe. Alichomoa pasi kwenye umeme, akaniuliza mambo mawili matatu wazi kabisa, kama nimewaza namna, kama kuna kitu nyumbani, akafunga duka mwenyewe akanipeleka hospitali saa ileile. Tuliomba ndani ya daladala, siti ya nyuma, kwa kunong'ona. Nikapewa dawa na tarehe za kuonana na mshauri, sonona ina jina na ina tiba, na bibi alinisindikiza mara 4 za mwanzo. Kuna watumishi wangenizungusha kwenye mikesha mwezi mzima kwanza.

Wanaume nao msidhani wanapona. Kaka yangu mkubwa aliachwa, mke aliondoka na watoto, na kanisani kwao hakuna aliyemgusa. Kwa mwanaume hakuna kupumzishwa, aliendelea kuhesabu sadaka kama kawaida, na mwezi wa pili tu wazee wakaanza kumwonyesha mabinti, oa kaka, nyumba haikai hivihivi. Akawa anatoka kuhesabu sadaka anaenda baa ya nyuma ya stendi. Usiku mmoja alinipigia amelewa akaniambia, wewe angalau walikusema. Nilikasirika wakati ule. Sasa hivi namwelewa.

Binti wa mama mdogo anaishi Marekani, Texas, naye ndoa ilimshinda, akanitumia habari za programu inaitwa DivorceCare, ilianzia kule North Carolina mwaka 1993, makanisa mengi yanaitumia. Mnakaa kwenye duara wiki 13, mnaangalia video, mnazungumza, wiki hii hasira, wiki ile watoto, wiki nyingine hela. Anasema ilimwokoa. Mi nilifurahi kusikia kuna mahali wamefikiria mpaka wiki ya hela. Ila kuiagiza ilivyo tukaileta mtaani kwetu sijui kama ingefika wiki ya 3. Wanawake 12 kwenye duara wanataja waume zao kwa majina, na nusu ya hao waume ni wajomba wa nusu nyingine, jioni mtaa mzima una habari. Huku mtu anaongea na mtu mmoja, tena ikiwa kuna mchele wa kuchambua.

Mwaka jana mchungaji tuliye naye sasa, mama mmoja mtaratibu sana, aliniomba niongee na baraza la wazee dakika 10. Sikuwa na hotuba, nilikuwa na ombi moja. Nikawaambia ile hati mnayosaini inaishi miezi 6 mahakamani, basi siku mnayoisaini taja palepale mtu mmoja atakayemtembelea huyu mama miezi 6, na mwingine wa kumtembelea huyu baba, wasiwe na kazi nyingine, wasilete taarifa kwenu, wakae tu. Mzee mmoja akasema dada yetu, hapo tutakuwa tunahamasisha talaka. Nikamuuliza mzee, jumuiya ikipeleka mchele msibani huwa inahamasisha watu kufa? Wakacheka, naye akacheka, ikaandikwa kwenye muhtasari. Mpaka leo iko kwenye muhtasari. Mwanamke mmoja tu ndo alitajiwa mtu, na huyo mtu nikawa mimi.

Yeye alikuja dukani kabla sijaenda kwake, ameshika gauni anataka nilipunguze kiunoni. Nikalipima, halikuwa na cha kupunguza. Nikamwambia liache nitaliangalia, kaa kwanza nimalizie hii, na nikamsogezea mkasi wa nyuzi. Sasa ni Alhamisi ya tano. Gauni bado liko kwenye henga na hajaliulizia. Bibi siku hizi miguu imemgoma, haji tena, ananipigia Ijumaa kuniuliza tu mkasi umepata mkono?

Na mwenyekiti wa kwaya, huyohuyo, juzi kaleta tena kitambaa cha Pasaka, cha zambarau safari hii, mita 95. Karatasi ya majina ameibana juu ya robota kwa pini. Nimeisoma usiku baada ya kufunga, 1 mpaka 30 nawajua wote. Namba 31 kaandika jina langu, na pale pa vipimo kaandika anavyo mwenyewe. Sijakata hata kipande mpaka sasa, karatasi iko kwenye droo ya cherehani.